Magharibi Haikuagwa

Tamsin alikuwa akisuuza joho la binti yake Senara kwa mara ya nne, na maji bado yalitoka meusi. Joho lake na la mumewe Jory yalikwisha kuanikwa. Yote matatu yalinyeshewa mvua ile ile, kwenye nyasi zile zile. Hili dogo peke yake lilinuka kinamasi, tope la zamani lenye majani yaliyooza.

"Unasugua nini tena?" mama mkwe wake, Bibi Honor, aliuliza kutoka mlangoni. "Watu wazima mnaamka saa tisa za usiku kwenda kuyaimbia mawe! Mungu katupa kanisa lenye paa, ninyi mnataka la kunyeshewa."

"Mama, leo niache."

Hapo Bibi Keziah akatokea kwenye kona ya nyumba. Ndiye aliyeongoza sherehe yao ya alfajiri, na alikuwa anakimbia, mwanamke wa miaka sabini na tatu mwenye goti bovu.

"Senara yuko wapi?"

"Yuko bandani kwa mbuzi. Hataki kula."

"Amesema neno lolote tangu mrudi?"

Tamsin aliacha kusugua. Alijaribu kukumbuka neno moja tu. Hakulipata.

"Hatukuaga," Bibi Keziah alisema chini chini. "Magharibi hatukuiaga."

Kila mwaka, siku ile jua linapokaa angani muda mrefu kuliko siku zote, kikundi chao huingia kwenye duara la mawe kule juu ya mlima kabla hakujapambazuka, na kuziita pande nne za dunia zije kushuhudia. Jua likishatoka, kila upande huagwa na yule yule aliyeuita. Mwaka huu magharibi alipewa Senara, mtoto wa miaka tisa. Alishika bakuli la maji ya chemchemi, akaita kwa sauti nzuri mpaka wakubwa wakatabasamu. Kisha, wakati wa kuaga, radi ikapiga, mvua ikamwagika, na kila mtu akakimbilia gari lake.

"Tatu tuliziaga," Bibi Keziah alisema. "Nilidhani Senara naye kamaliza. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna aliyemsikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kilichoitwa kimekuja, na hakijaambiwa kiende. Jua la leo likizama kabla ya kukiaga, kitabaki naye."

Bibi Honor hakucheka. "Mlimpa mtoto," alisema. "Kazi kama hiyo mkampa mtoto."

Bandani, mbuzi wote kumi na mmoja walikuwa wamejibana kwenye ukuta mmoja, wamepandana migongoni, na hakuna hata mmoja aliyelia. Senara alisimama katikati, uso ameuelekeza magharibi. Mvua ilikatika tangu asubuhi, lakini nywele zake zilikuwa zikichuruzika, na majani makavu chini ya miguu yake yalikuwa dimbwi.

"Senara, mwanangu."

Mtoto aligeuka, akatabasamu polepole, upande mmoja wa mdomo kwanza, halafu wa pili.

"Nimeitwa," alisema. Ilikuwa sauti ya Senara, ila ilitoka chini mno, kama ya mtu aliye ndani ya kisima.

Jory alimbeba hadi garini. Alipomweka kwenye kiti, mikono yake Jory ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi ya mwili wa mtoto.

Walifika kwenye mawe saa mbili na nusu jioni, jua bado liko juu ya bahari; huku kaskazini, siku hiyo huzama saa tatu na nusu. Bibi Keziah alimsimamisha mtoto katikati ya duara, akamweka Tamsin kwenye jiwe la mashariki.

"Wewe ndiye uliyemzaa, utaaga kwa niaba yake. Kinachoondoka kitakwenda magharibi. Anayebaki atakuja kwako mwenyewe. Sikiliza vizuri, Tamsin: usimfuate, usimvute. Ngoja aje."

"Na asipokuja?"

"Ngoja."

Tamsin alisema maneno. Umekuja, umeshuhudia, tunakushukuru, nenda kwa amani. Alipofika mwisho ukungu ulipanda kutoka ardhini, si kutoka baharini, mweupe na mzito, ukayafunika magoti yake, kisha kifua, kisha macho, hata mkono wake mwenyewe hakuuona, na ndani ya ukungu ule akasikia nyayo za mtu mmoja zikitembea kwenye maji, halafu za wawili, za mmoja zikienda na za mwingine zikija, au zote zikienda, au zote zikija, hakuweza kujua, na ile harufu ya tope ikamjaa kooni, na hapo karibu, hatua tatu tu mbele yake, mtoto akaanza kulia, "Mama, siioni njia, Mama," na Tamsin, ambaye tangu saa tisa za usiku hakuwa amelala wala kula wala kukaa chini, hakungoja, alitumbukiza mkono, akakamata kiganja kidogo, akakivuta, akakimbia nacho hadi garini bila kupumua.

Ukungu ulipoondoka, Senara alikuwa mapajani mwake, mkavu, ana joto.

"Mama, nina njaa," alisema.

Jory akalia pale pale kwenye usukani.

"Alikuja mwenyewe?" Bibi Keziah aliuliza.

"Alikuja," Tamsin alisema.

Saa nne usiku mbingu bado zilikuwa na mwanga. Bibi Honor alikuwa ametoa jikoni pasti, mikate ya kuoka iliyojazwa nyama na viazi, kila moja imechorwa herufi ya jina la mwenyewe pembeni, hata Bibi Keziah kachorewa yake. Tamsin aliwahesabu kama kila jioni, sahani mkononi. Jory. Mama. Bibi Keziah. Senara, aliyekwisha kuanza kula. Yeye mwenyewe. Watano.

Mlango ukagongwa, chini, mahali mkono wa mtoto unapofika.

"Mama, nifungulie. Nimetembea njia yote. Miguu inaniuma."

Kilio kilifuata, cha mtoto aliyechoka, chenye kwikwi. Bibi Honor alishika kifua. Bibi Keziah alimtazama Tamsin, na Tamsin hakumtazama. Mezani Senara aliendelea kutafuna. Jory aliinuka nusu.

"Kaa," Tamsin alisema.

"Tamsin, ile sauti..."

"Nimesema kaa."

Alikwenda mlangoni, akasukuma komeo la juu, akasukuma la chini, akarudi kwenye kiti chake. Akahesabu tena, safari hii kwa kidole, taratibu, mpaka watano.

"Wote wapo," alisema. "Kuleni, chakula kinapoa."