Muhuri wa Stesheni ya Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Chizuru. Mumewe, Kenjiro, alipanga mwenyewe safari ya familia: gari la kukodi hadi chini ya mlima, kisha treni. Kila stesheni binti yao Momoka alikimbilia muhuri wa ukumbusho, unaowekwa pale kwa ajili ya wasafiri, akaugonga kwenye daftari lake.

“Sayoko naye alikuwa hivyohivyo tulipopita hapa kwenye fungate yetu,” Kenjiro alisema, akitabasamu peke yake. Sayoko ni marehemu mkewe wa kwanza, aliyefariki akiwa amebakiza muhuri mmoja tu katika daftari lake, wa stesheni ya mwisho ya reli hiyo.

“Kumbe umenileta kwenye fungate ya mwenzangu,” Chizuru alisema.

Wivu ulimkaba. Kenjiro alipokwenda msalani, Chizuru alichomoa daftari la Sayoko kwenye begi la mumewe, akalifungia mkobani mwake ili akalitupe wakifika.

Treni ikaingia handakini, taa zikazimika. Gizani alisikia muhuri ukigongwa ndani ya mkoba uliokuwa mapajani pake, polepole na kwa nguvu, kama mtu anayehakikisha wino umekolea.

“Mama, unagonga nini?” Momoka aliuliza.

Mwanga uliporudi, Chizuru alifungua mkoba. Stesheni ya mwisho ilikuwa bado mbele yao. Muhuri wake ulikuwa umeujaza ukurasa mtupu wa daftari la Sayoko, na wino mbichi ukambakia kidoleni.