Ukimya wa Chumba cha Chini

Msichana aliyelala wa kwanza aliamka vizuri tu. Akajinyoosha, akataja picha zote alizoonyeshwa kabla ya kulala, hakukosea hata moja. Kisha akauliza mbona hawajamrudishia ile ya mwanamke aliyesimama akiwa amegeuka nyuma. Daktari akamwambia hakuna picha kama hiyo. Msichana akacheka, akasema basi ameota, akabeba mkoba wake akaenda zake.

Mambo yangeishia hapo, kama Daktari angekuwa na akili ya kuogopa. Hakuwa nayo. Alikuwa na akili nyingine zote, na sifa zake alizijua mwenyewe vizuri mno.

Nieleze kazi yao, msije mkasema naropoka. Daktari alichunguza jinsi ubongo unavyohifadhi kumbukumbu mtu akiwa usingizini. Watu walikuja mchana wameshakula, wakaonyeshwa picha, na kila picha ilikuwa na sauti yake: paka na mlio wake, birika na mchemko wake. Fundi wa mitambo akawabandika nyaya kichwani, wakalala, na usingizi ulipokolea akawapigia baadhi ya sauti zile kwa chini sana. Picha ambayo sauti yake ilisikika usingizini ilikumbukwa kuliko zile nyingine. Hapo hapana uchawi. Ubongo uliolala huyapitia mambo ya mchana upya, na sauti huuonyesha pa kushika.

Kosa lilikuwa kwenye ukimya. Ili kulinganisha, walitaka sauti isiyo sauti, na ukimya wa kompyuta unamshtua aliyelala, kwa sababu spika hukatika ghafla. Walitaka ukimya halisi wa chumba. Basi Daktari akashuka hadi chumba cha chini kabisa cha jengo, kilichofungwa miaka na miaka, akavunja kufuli, akaweka kinasa sauti sakafuni, akarudishia mlango, akaenda kunywa chai. Hodi hakupiga. Mtasema nani anapiga hodi chumba kitupu, na mimi nitawajibu kwamba kwa mtu usiyemjua huingii tu ukaanza kubeba vitu.

Aliyefuata kusikilizishwa ukimya ule alikuwa dereva wa lori. Naye alimwona mwanamke, ila kwake alikuwa ameanza kugeuka, bega moja linaonekana. Baada yake akalala mwalimu, akaona na shavu. Watu hawa hawakujuana hata kwa sura. Na chumba cha kulalia kikaanza kunuka nywele zilizoungua, na Fundi akakagua waya mmoja mmoja, zote zikiwa baridi.

Fundi alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku ya mwalimu mizaha ilimkauka. Alimwita Daktari kando, akamwonyesha mistari kwenye kioo cha mashine.

"Hii ni sehemu ya kisogoni, ya kuonea," alinong'ona. "Macho yamefumba, lakini hapa anamtazama mtu."

"Anaota."

"Ndoto haianzi pale pale ninapobonyeza kitufe, Daktari. Tuufute huu ukimya."

Daktari alikataa. Alikuwa ameona jambo lililompendeza: kila aliyesikilizishwa ukimya ule hakusahau kitu chochote. Na yeye alikuwa na mama nyumbani anayesahau.

Alikuwa mtoto wa pekee. Zamani kila alipoondoka kwa mama yake, simu ilimfuata: mwanangu, umefika salama? Ugonjwa ulipoanza, mama alisahau funguo, akasahau majirani, na jioni moja simu haikulia. Daktari alilia mpaka akavimba macho. Tangu hapo aliapa kwamba vingine vyote viende, lakini mama yake asimsahau yeye. Utafiti wote ule, na vyeo vyake, chini yake kulikuwa na hilo tu.

Basi akamleta mama maabara, akamlaza, na Fundi alipogoma kubonyeza kitufe, akabonyeza mwenyewe.

Mama aliamka na macho maangavu ambayo Daktari hakuyaona kwa muda mrefu, akataja picha, akataja majirani wa ujanani na watoto wao, akataja rangi ya nguo aliyoolewa nayo, na Daktari akawa anacheka huku machozi yanamtoka, akainama amkumbatie, na mama akamsukuma kifuani kwa nguvu ambazo mwili ule mdogo haukuwa nazo.

"Wewe ni nani?" akauliza. "Mwanangu huyu hapa, amekaa miguuni pangu."

Godoro, pale miguuni, lilikuwa limebonyea.

Walimrudisha nyumbani na harufu ikaingia nao. Mama akawa hamtaki Daktari chumbani, anamrushia vikombe, anamwita mwizi wa sura, kisha anageukia ukuta na kuzungumza kwa upole na huyo mwanawe, na ukitega sikio mlangoni ulisikia kwamba mama ananyamaza kusubiri jibu, na wakati wa jibu hapasikiki kitu isipokuwa ule ukimya wenyewe, mzito, uleule wa kwenye kinasa sauti, unaojaa masikioni mpaka unatamani hata mbwa abweke. Chakula hakugusa. Alisema mwanawe ameshakula kwa niaba yake, na kweli alikonda, mifupa ya mikono ikajitokeza, na kila alivyokonda ndivyo kile kibonyeo kwenye godoro kilivyozidi kwenda chini.

Fundi ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo mwenye raba miguuni na ulimi mkali. Mganga alinusa mlangoni, akakataa kiti, akamsikiliza Daktari mpaka mwisho.

"Jini lilikuwa limejikalia kwake, kule chumba cha chini," alisema. "Ukalichukua, ukalipitisha vichwani mwa watu likitafuta pa kukaa. Kwa mama yako limekuta nafasi ya mwanawe, na limeikalia. Mimi siwezi kulivuta. Nafasi ikiondoka, litaondoka."

"Yaani mama anisahau?"

"Kabisa. Au azikwe akilibembeleza hilo. Chagua."

Daktari alimtukana mganga, akamtukana na Fundi. Usiku kucha alikaa nje ya mlango wa mama yake, na asubuhi alienda kuchukua mitambo.

Njia ya kumsahaulisha mtu aliijua. Fundi alikaa na mama akiwa macho, akamwonyesha picha za ndoo, viti, viatu, na kila kengele ilipolia mama alitakiwa kuiachia picha ile, asiifikirie tena. Alipoizoea kengele, wakangoja alale. Kisha Daktari akapiga sauti yake mwenyewe ikiita "mama", na juu yake kengele, tena "mama", tena kengele, mkono mmoja kwenye kitufe na mwingine mdomoni, wakati harufu ya nywele inapanda mpaka Fundi anatapika, na kitanda kinatikiswa, na mistari ya kisogoni inaruka juu, inaruka, kisha inalala chini yote kwa pamoja. Godoro likajaa taratibu, likawa sawa.

Mama aliamka akaomba chakula. Alikula, akafuta mdomo, akamtazama Daktari kwa adabu zote.

"Ahsante, nesi. Una mikono mizuri. Mama yako yupo?"

"Yupo," alisema Daktari.

"Msalimie."

Kinasa sauti alikivunjavunja kwa nyundo. Akamwacha Fundi na mgonjwa, akaenda kwake, akajilaza na viatu vyake kwa uchungu, na mimi ambaye sikumhurumia tangu mwanzo, hapo namhurumia. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mama.

"Mwanangu, umefika salama?"

Ilikuwa sauti ile ya zamani, haina hitilafu. Na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Alijua vizuri mno kwamba mama yake hana tena mtoto wa kumpigia, alijua ni nafasi ya nani sasa inayotafutwa na kwenye kichwa cha nani, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata.

"Nimefika, mama," alisema, akakunja miguu kumpisha akae.