Kopo la Chumvi Lililoachwa Wazi

Kila siku baada ya masomo, Kidomo alipitia maabara ya shangazi yake, akafanya kazi za shule kwenye meza ya mlangoni hadi saa ya kurudi nyumbani. Jina hilo alipewa na fundi umeme wa pale, kwa maswali yake yasiyokwisha.

Shangazi alitengeneza shaba yenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Alizamisha kipande cha shaba iliyochanganywa na zinki ndani ya chungu cha chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi mia nne, kisha akapitisha umeme. Zinki ilichomoka na kuyeyukia chumvini. Shaba ikabaki kama sifongo.

Siku moja Kidomo alifungua kopo jipya la chumvi kavu, aone kama inafanana na ya jikoni. Fundi alipoingia, Kidomo alikimbilia mezani na kuacha kopo wazi. Kesho yake alirudisha kifuniko kimyakimya, akadhani mambo yamekwisha.

“Chumvi ya chunguni imepungua,” shangazi alisema jioni hiyo. “Naongeza chumvi.”

Kidomo aliacha kuandika. Shangazi alishamweleza: chumvi ile hunyonya maji hewani, na ikitiwa chunguni na unyevu, maji hugeuka mvuke ghafla na chumvi ya moto huruka. Lakini akisema, atafukuzwa maabara.

“Leo Kidomo hana domo!” fundi alitania. “Umemeza ulimi?”

Shangazi alivaa ngao ya uso, akachota kijiko kimoja. Shingo yake ilikuwa wazi. Kijiko kikasogea juu ya chungu.

“Shangazi, usimwage! Niliacha kopo wazi jana!”

Kijiko kilisimama hewani, kisha kikarudi nyuma polepole. Shangazi alizima tanuri, akaweka chumvi yote ya kopo kwenye mizani. Kopo liliandikwa gramu mia tano. Mizani ilionyesha mia tano thelathini na moja.

“Gramu thelathini na moja za maji,” fundi alinong'ona. Hakutania tena.

Shangazi aliketi.

“Utanifukuza?” Kidomo aliuliza huku akilia.

“Wiki nzima utanisubiri nje, kwa kufungua kisicho chako. Hilo ni kosa la jana, mwanangu, na tumelipima kwa gramu. Kama ungenyamaza leo, kosa la leo tungelipima kwa kipimo gani?”