Macho ya Kuazima

Mtoto aliamka jua limeshajaa chumba kizima, akasema, "Mama, washa taa."

Fundi, mama yake, akacheka. Alidhani ni utani, maana binti yake hakuitwa Chiriku bure. Tangu aamke mpaka alale mdomo wake haujui likizo. Lakini alipomsogelea akamkuta anapapasa shuka, macho yametazama pembeni. Kicheko kikamkauka.

Daktari alimmulika, akampima, akakuna kichwa. Macho mazima, alisema, hayana hata kidoa. "Basi mbona haoni?" Fundi akauliza. Daktari akaandika dawa ya matone, na majibu yakawa ndiyo hayo.

Nyumbani akamlaza mtoto chumbani, akamwomba kaka yake akimbilie kwa mganga, kisha akakaa sebuleni mbele ya laptopu. Kazi yake ni kusafisha picha. Huondoa makunyanzi na chunusi, na aliyefumba macho humfumbua. Huchora kwa kalamu ya plastiki juu ya kibao cheusi chenye waya, na kalamu ikipita kibaoni, mstari unatokea kwenye skrini. Aliyefumba huazimiwa macho kutoka picha yake nyingine. Yake mwenyewe, jamani, si ya mtu mwingine! Hilo hata fundi wa jana analijua.

Ila jana yake alikuja mwanamke na picha ya mumewe, moja tu, na mume kafumba. "Nataka anitazame," alisema, na sebule ikajaa harufu ya marashi makali, na chini ya marashi kitu kama nyama iliyovunda. Fundi alitaka mgeni aondoke upesi. Picha ya Chiriku ilikuwa wazi pale pale kwenye skrini. Akakata macho ya mwanawe, akambandika yule mwanamume, akayatia kivuli na kope za kiume. Uvivu tu, hakuna jina jingine.

Sasa harufu ile ilikuwa imerudi. Kalamu ilikuwa imelala kikombeni, haijaguswa, lakini mshale wa skrini ulitembea polepole juu ya uso wa yule mwanamume, ukikoleza kope moja baada ya nyingine. Fundi akajiziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Usilie, mama," Chiriku akasema kutoka chumbani.

"Umejuaje nalia?"

"Nakuona. Umeziba mdomo. Kama niko hapo mezani, mbele yako."

Mungu wangu! Fundi akaifunga laptopu kwa kishindo.

"Mbona giza tena?" mtoto akalalamika. "Aa, nimetoka. Sasa nauona mgongo wako."

Fundi hakugeuka. Nani angegeuka? Simu ilipolia nusura aiangushe.

"Dada, usiifute hiyo picha!" Kaka yake alikuwa anahema. "Mganga anasema ukifuta, macho ya mtoto yamekwenda moja kwa moja. Yarudishe kwenye picha ulikoyakata. Na huyo mwanamume wa pichani ni jini, usimwache mtupu, mpe macho mengine."

"Ya nani?"

"Mengine tu."

"Ya nani, wewe?"

"Amesema hilo utajua mwenyewe, dada."

Alijua. Akafungua laptopu, akaitafuta picha yake ya kitambulisho, akakata macho yake mwenyewe bila kufikiri mara mbili, maana kipi angekifikiria, mtoto ana miaka saba na mambo yote ya kutazama yako mbele yake. Akashika kalamu. Kalamu ikawa nzito.

"Mama," Chiriku akanong'ona, "kuna mkono mwingine umeshika mkono wako. Una kucha ndefu."

"Fumba macho, mwanangu."

"Nimefumba. Bado nauona."

Akasukuma kalamu kwa mikono miwili, pumzi ya baridi ikimpita shingoni na harufu ile ikimkaba kooni, akisukuma na kuomba na kutukana na kuomba tena, kibao kikikwaruzika chini ya ncha, mpaka macho ya mtoto yakarudi kwenye picha yake na macho ya mama yakakaa kwenye uso wa yule mwanamume.

"Mama! Naona dari! Naona vidole vyangu!"

Fundi akacheka na kulia kwa pamoja. Skrini ikafifia, meza ikafifia, giza likamfunika, naye akalikubali. Alikuwa amejiandaa kwa giza. Angejifunza kupapasa kuta, Chiriku angemshika mkono barabarani, wangeishi.

Halafu akaanza kuona.

Aliona ukumbi mwembamba wa nyumba yake ukimjia taratibu, akaona mlango wa chumbani ukisukumwa, akaona kitanda, na juu ya kitanda Chiriku anacheza na vidole vyake. Na huku anaona yote hayo, yeye mwenyewe bado amekaa kitini sebuleni, mikono juu ya kibao.

"Chiriku! Toka humo! Kimbia!"

Akamwona mwanawe anainua uso, anaangaza chumba kizima, anatabasamu.

"Nikimbie nini, mama? Humu niko peke yangu."

Na uso ule ukazidi kumkaribia, mpaka akaweza kuziona kope zake moja moja.