Upinde Uliorukwa

Pilipili nyekundu zilikuwa zimeanikwa juu ya paa. Lhaden alikuwa akizigeuza aliposikia mumewe, Kinzang, akifoka nyuma ya nyumba.

"Kushoto tena! Dema, unalenga ubao au ng'ombe wa jirani?"

Lhaden alishuka ngazi mbiombio. Binti yao Dema alisimama na upinde wa mianzi mkononi, machozi yakimlengalenga. Mishale yake yote ilikuwa imepita kushoto kwa ubao. Jumamosi shule ingechagua timu ya wasichana, na mtoto huyo hakuota kitu kingine.

"Mkosi huo," alisema Pema, dada yake Kinzang. "Wifi, si wewe uliyeuruka upinde juzi?"

"Niliuruka, ndiyo! Ulilazwa mlangoni. Ningepita wapi, juu ya kichwa chako?"

"Mwanamke akiruka upinde, upinde unasusa. Nani asiyejua?"

Kinzang akaunyakua upinde. "Basi yaishe. Nautundika. Jumamosi haendi mtu kutuaibisha."

Dema akakimbilia ndani akilia. Lhaden alipandwa na hasira. Mkosi gani huo unaojua kushoto tu? Mbona hata siku moja haukosei kulia? Kinzang alipotoka, Lhaden aliutungua upinde, akamshika Dema mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Choki, mwalimu wa michezo.

Dema akapiga. Kushoto.

Choki hakugomba. "Nyosha mikono mbele. Kutanisha viganja, acha tundu dogo katikati. Fumbua macho yote mawili, utazame lile doa jeupe la ubao kupitia tundu hilo. Sasa rudisha mikono usoni polepole, doa lisikupotee."

Mikono ya Dema ilirudi mpaka ikatua kwenye jicho la kushoto.

"Umeona, mama Dema? Kila mtu ana jicho linaloongoza. La huyu ni la kushoto. Lakini anavuta kamba kwa mkono wa kulia, kama baba yake. Mshale uko chini ya jicho la kulia, anayelenga ni jicho la kushoto. Utaachaje kwenda kombo?"

"Kwa hiyo miguu yangu iliyouruka upinde haina kosa?"

"Miguu yako haina kesi kabisa!" Wote wakacheka, hata Dema.

Choki akambadilisha mikono. Akamfunga kipande cha ngozi mkononi ili kamba isimchubue. Akamsogeza karibu na ubao. "Anza karibu. Ukizoea, rudi nyuma kidogo kidogo. Usiachie kamba bila mshale, upinde utavunjika. Na najua baba zenu husimama karibu na ubao wakitaniana. Hapa kwangu hapana! Watu wote nyuma ya mpigaji."

Mwanzoni Dema alikuwa kama anayekula kwa mkono usio wake. Lakini kila jioni alirudi uwanjani, na mishale ikaanza kugonga ubao.

Jumamosi Kinzang, aliyekwisha kugundua kuwa upinde umetunguliwa, alikuja amekunja uso. Pema alikuja na chupa yake ya chai ya siagi. Zamu ya Dema ilipofika, aliulaza upinde kwenye majani ili akaze ile ngozi. Hapo Lhaden akainuka. Akashika pindo la vazi lake, akauruka upinde mbele ya watu wote. Kisha akageuka, akauruka tena.

"Mama yangu wee!" Pema alishika kichwa.

"Haya, mwanangu," Lhaden alisema. "Nimeuruka kwenda na kurudi, ili wenye maneno watosheke. Piga!"

Dema akauokota upinde. Akavuta kwa mkono wa kushoto, akatulia, akaachia. Mshale ulijikita katikati ya ubao.

Kinzang alijisahau. Alianza kuimba na kucheza, mguu mmoja juu, kama wachezavyo wanaume mshale unapopata. Jina la Dema liliposomwa la kwanza kwenye timu, alimwendea mkewe akihema, jasho linamtoka.

"Mke wangu," alisema kwa sauti, Pema asikie vizuri, "kesho nina mechi. Njoo uruke na wa kwangu!"