Kitabu Ndani ya Gunia la Makopa

Kila siku akitoka shule, Shamimu alivua sare, akaosha vyombo, akafagia uwanja, kisha akakaa barazani na daftari la Hisabati. Alikuwa darasa la saba pale Kitomanga, na hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili. Watoto waliocheza mpira mpaka jioni aliwaita wapoteza muda. Wanaosoma hadithi, hao aliwaona hawana akili kabisa.

Kwa bahati mbaya, mmoja wao aliishi naye nyumba moja. Mdogo wake, Mfaume, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akisoma riwaya ya zamani iliyoachwa na marehemu baba yao. Haikuwa na jalada, na ilihusu mvulana mtundu. Mfaume alilala kifudifudi mkekani, anacheka mpaka machozi.

"Dada, sikia hapa. Katumwa mayai ya mwalimu, kayachemsha yote, kisha kayarudisha chini ya kuku. Kuku anayaatamia wiki ya tano sasa. Mke wa mwalimu kamwita mganga aje kumtazama kuku."

"Na wewe unacheka?"

"Sasa nilie?"

"Ndiyo, ulie. Baba hajatimiza hata arobaini, wewe unachekelea mayai. Siku mtihani ukiuliza habari za kuku, utafaulu."

Mfaume akafunga kitabu polepole. "Baba mwenyewe alikuwa anacheka hapahapa."

Jibu hilo lilimchoma Shamimu. Kesho yake, Mfaume alipokwenda kisimani, Shamimu alikishika kitabu kwa ncha za vidole kama mtu anayetupa panya mfu, akakisukuma ndani ya gunia la makopa, ile mihogo mikavu ya mama. Mfaume alipouliza, akajibiwa, "Kwani mimi mlinzi wa takataka zako?" Alitafuta siku tatu, kisha akaacha kuuliza. Akaacha na kucheka pia. Shamimu akaona sasa nyumba imepata adabu.

Siku ya arobaini ndugu na majirani walijaa. Dua ilipokwisha, watu wakisubiri pilau, Mzee Cletus akajilaza kwenye mlango wa jiko. Alikuwa mtani wa marehemu, mkulima kutoka vilimani, na mtani msibani ana ruhusa ya vituko ambavyo mtu mwingine angefukuzwa navyo. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu, ndani nje.

"Hapiti mtu," akasema. "Marehemu aliniahidi kitabu chake cha yule mtoto mtundu. Nikabidhiwe, ndipo mle."

Shamimu alimtazama kwa dharau. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, kalala njiani kama mbuzi.

"Mtani, ondoka, watu wana njaa," mama alisema.

"Wafe tu. Nitawazika, ndiyo kazi yangu."

Watu wakacheka. Mama akamwita Mfaume. "Lete kitabu cha baba yako."

"Kimepotea, mama."

"Kimepotea?" Sauti ya mama ilibadilika. "Kitu kimoja cha baba yako nilichokukabidhi, na hicho umekipoteza?"

Mfaume aliinamisha kichwa. "Pengine nilikiacha kisimani. Nisamehe, mama."

Shamimu alikuwa amesimama na sinia la sahani. Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza tu, Mfaume angelala na kosa lisilo lake, na mama angeamini hivyo daima. Akaliweka sinia chini.

"Hajakipoteza," akasema. "Nilikificha mimi. Kimo kwenye makopa."

Kitabu kilitoka kimejaa unga. Mzee Cletus akaketi palepale kizingitini, akasoma sura ya kuku kwa sauti ya marehemu, akisita na kupenga kamasi kama yeye. Alipofika pale mganga anapomuuliza kuku ni nani aliyemloga, mama alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Shamimu alidhani analia. Kumbe anacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Shamimu akauma midomo, lakini cheko likamtoka puani.

Mzee Cletus akarudisha kitabu. "Hakuniahidi chochote," akasema. "Ila mmemlilia siku arobaini. Mtu aliyependa kucheka, mtamkumbuka kwa kununa tu?"

Baada ya chakula mama alimwita Shamimu kando. "Ulidhani unamheshimu baba yako, mwanangu. Ulikuwa unamdharau mdogo wako. Ukamfichia kitabu, ukamwacha abebe kosa lako mbele za watu. Kuongoza darasani hakukupi ruhusa ya kuwadharau wenzako. Umesema kweli, ingawa umechelewa, na hapo nimekuona mwanangu. Nenda kamwombe radhi."

Shamimu akaenda.

"Nisomee sura mbili, ndipo nikusamehe," Mfaume alisema.

Alianza kusoma mbiombio, kama anayepitia maswali ya Hisabati.

"Taratibu," Mfaume akasema. "Hapo Baba alikuwa anapumzika kwanza."

Shamimu akapumzika kidogo, kisha akaendelea.