Binti wa Jirani

Siku ile mjinga alikuwa Brodie, na mpaka leo yeye mwenyewe halikatai. Mtu mwenye akili zake hapigi mpira katikati ya soko la Preston, Melbourne, Jumamosi asubuhi, watu wamebanana kama dagaa koponi, eti umfikie rafiki yake ng'ambo ya vibanda vya mboga. Tena si mpira wa duara wenye adabu zake. Ni ule wao wa Australia, wa umbo la yai, ambao ukishagonga kitu hata aliyeushona hajui unaelekea wapi. Uligonga chuma cha paa, ukageuka, ukashuka ndani ya beseni la zeituni za Shangazi Thekla. Mafuta yakaruka yakamwosha binti aliyekuwa akiuza, kuanzia nywele mpaka kifuani.

Binti hakupiga kelele. Alikuwa na blauzi nyeupe mpya, aproni ya kijani, na hereni za duara kubwa kiasi cha kupitisha yai. Alitia mkono kwenye beseni, akautoa mpira, akaupangusa kwa aproni taratibu, kisha akauweka juu ya mizani.

"Zeituni na mpira wake," alisema. "Nikufungie?"

Brodie Hannaway alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama mlingoti, nywele nyekundu. Siku hiyo masikio yalizishinda nywele kwa wekundu. Koby, rafiki aliyekuwa akisubiri mpira, alikwisha kujificha nyuma ya makabichi. Shangazi Thekla akatoa hukumu papo hapo: mkosaji abebe madebe ya zeituni kutoka garini mpaka kibandani, asubuhi nzima. Akabeba. Jumamosi iliyofuata akaja kubeba bila kuhukumiwa na mtu. Ya tatu yake alikuja amejipulizia manukato mpaka harufu ya jibini kibandani ikanyamaza, na shangazi akamwambia mpwa wake kwa Kigiriki kwamba hamali huyu sasa anatafuta mshahara mwingine.

Binti aliitwa Despina. Simu zao zilianza hivyo hivyo, za utani.

"Uko wapi, bingwa?"

"Mazoezini. Miguu inaniuma, mpenzi."

"Yote miwili? Mimi nilidhani wa kushoto umeuazima tu, unautumia kupandia ngazi."

Brodie alicheka, lakini ilikuwa kweli. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga mpira ukapita katikati ya milingoti ya goli kama uzi kwenye tundu la sindano. Wa kushoto ulikuwa abiria.

Kijana wa kule akitaka kulipwa kwa mpira hana hiari ya klabu. Kila Novemba klabu kubwa za nchi nzima huita majina kwa zamu, na ukiitwa na Perth unafungasha, hata kama mama yako anakaa Melbourne na safari ya ndege huchukua saa nne. Kabla ya hapo wasaka vipaji hukuweka kitini na kukuuliza maswali. Brodie aliulizwa kama ana mchumba. Akajibu kwamba anaye, na kwamba hapati usingizi bila kusikia sauti yake. Alijibu huku anatabasamu, maskini, akidhani amejiongezea alama.

Majina yakaitwa. Nyumba ya mama yake, Leanne, ilijaa wajomba, pai ndogo za nyama na bia. Jioni ya kwanza jina halikutajwa. Jioni ya pili ilipofika majina ya mwisho, wajomba walianza kuondoka mmoja mmoja, wakinyata kama watu watokao matangani. Pai zikapoa. Leanne akazifunika kwa kitambaa, naye akajifunika uso kwa mikono.

Kesho yake Koby alikuwa na sababu tayari.

"Uliwaambia una demu? Wewe punguani kweli. Klabu ya mbali haitaki kijana wa kulilia nyumbani. Wanamtengeneza miaka miwili, halafu anarudi kwa demu wake, wamebaki na jezi. Ungemkana tu, ndugu yangu, ungekuwa Perth sasa hivi."

Despina naye alikuwa na yake. Alisema mguu wa kushoto ndio uliomwangusha. Yeye si mtaalamu, lakini hata shangazi, anayetazama mpira huku anafuma, ameuona.

Brodie alizichukua sababu zote mbili. Ya Despina akaiweka miguuni, ya Koby akaiweka moyoni.

Mwaka mzima akacheza ligi ya chini na kuufundisha mguu wa kushoto kutembea upya. Alfajiri, kabla soko halijafunguliwa, walikwenda uwanja wa kando ya ziwa, baridi ya Juni ikiuma kama inadai. Yeye alipiga, Despina alisimama nyuma ya milingoti na mabuti ya mvua ya njano, akiufuata mpira matopeni, akiurudisha, akiufuata tena. Mikono yake ilipasuka kwa baridi. Ukienda kombo alimuuliza kama anamlenga bata. Ukipita sawa aliurudisha kwa haraka zaidi tu. Siku nyingine mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufi alikuwa akisimama kule kwenye miti na kikombe cha kahawa. Hawakumjali. Wazee na mbwa wao ni wengi kwenye lile ziwa.

Kufika Septemba mguu wa kushoto ulikuwa unapiga kama mdogo wake wa kulia. Bwana Ashdown, msaka vipaji wa klabu moja ya Perth, akapiga simu. Anakuja nyumbani kunywa chai na familia.

Brodie hakumwambia Despina. Leanne ndiye aliyemwambia, kwa nia njema, kama mama wa watu wote.

Basi Bwana Ashdown ameketi kwenye sofa, kofia yake ya sufi gotini, anasifia keki. Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Despina na sinia. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye maua madogo, nywele amezibana juu, shingo wazi, na rangi kidogo ya midomo ambayo soko halijawahi kuiona. Alikuwa mzuri kiasi kwamba mgeni alisimama.

"Na huyu ni nani?"

Brodie alimwona Koby akilini, akaziona pai zilizopoa.

"Binti wa jirani," alisema. "Huwa anakuja kumsaidia mama."

Kijiko cha Leanne kilisimama kikombeni. Despina hakusimama. Alifika mpaka mezani, akaweka sinia bila kikombe hata kimoja kulia.

"Nyumba ya pili," alimwambia mgeni. "Sukari kiasi gani?"

Bwana Ashdown alimtazama, akaomba kidogo tu. Despina akamtilia, kisha akageuka.

"Na wewe, kaka?"

Mgeni alipoondoka palikuwa na maneno jikoni. Brodie aliapa kwamba ilikuwa hila ya kazi tu, dakika kumi za kuvuka mto, na kwamba akishaitwa tu atamtaja dunia nzima isikie. Despina alikuwa anaosha vikombe. Alimuuliza mara moja tu kama ana hakika, akiitwa, atasema. Akasema atasema. Akamwamini. Hapo mjinga alikuwa mwingine.

Novemba jina likaitwa, tena mapema. Nyumba ikapasuka kwa vifijo, na kamera ya televisheni ilikuwa sebuleni. Kwa kuwa klabu ilikuwa haijatia saini mkataba, Brodie alikuwa amemwomba Despina kwa simu atazame akiwa kwa shangazi yake, siku moja tu hii. Mtangazaji akamuuliza nani angependa kumshukuru. Akamshukuru mama. Akamshukuru marehemu babu, kocha wa utotoni, na Koby kwa ushauri wake. Kamera ilikuwa bado inamtazama, ikingoja jina moja zaidi, akamshukuru Biskuti, mbwa wao.

Kule kwa shangazi, Thekla alizima televisheni.

"Mbwa ana bahati," alisema, akaendelea kufuma.

Alipofika Perth alipiga simu kila siku. Mwanzoni Despina alipokea, akajibu kwa maneno machache, kama mtu wa benki. Baadaye alipokea Thekla, akamwuliza anataka zeituni za aina gani. Baadaye simu ikalia tu.

Kisha ikaja karamu ya kuwakaribisha wachezaji wapya. Timu nzima imekaa mezani, nyama ya kondoo inakatwa, na Bwana Ashdown akainua bilauri upande wa Brodie.

"Kijana, yule binti wa jirani yako hajambo? Yule wa mabuti ya njano?"

Brodie aliacha kutafuna.

"Nilikwenda pale ziwani asubuhi nyingi," mzee alisema, akiwahadithia wote. "Nikamwambia mke wangu, nimepata mguu wa kushoto, na nimepata binti atakayemfanya huyu mtoto atulie Perth miaka kumi. Tulikuwa tumemtafutia na kazi. Nilikwenda pale nyumbani kumchukua yeye, ukweli wa Mungu. Halafu bwana mkubwa huyu akaniambia ni jirani."

"Lakini mwaka wa kwanza hamkunichukua kwa sababu yake," Brodie alisema.

"Nani kakwambia? Mwaka wa kwanza ulikuwa na mguu mmoja. Ulimi wako hatukuuchukua mwaka ule wala mwaka huu. Tumechukua miguu."

Meza iliangua kicheko mpaka vijiko vikacheza. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Jirani. Walimwita Jirani bafuni, Jirani mazoezini. Akiomba pasi walimjibu kwamba hapa hatujuani na majirani. Alipocheza mechi yake ya kwanza watangazaji nao wakaliokota, na nchi nzima ikamsikia Jirani anafunga kwa mguu wa kushoto.

Ratiba ikamleta Melbourne mwezi Mei. Asubuhi ya mechi alikwenda Preston amevaa suti ya klabu, tai imenyooka, na kisanduku cha pete mfukoni. Soko lilimtambua. Watu wakafungua njia, simu zikainuliwa, wauza samaki wakaacha visu. Despina alikuwa na sweta la kijivu na aproni ile ile ya kijani. Amekonda kidogo. Alipomwona, zeituni alizokuwa akichota zilimwagikia mezani, na Brodie akaona, akapata moyo. Akapiga goti sakafuni, kwenye maji ya samaki.

"Nimekosa," alisema. "Nimekuja kukuchukua. Olewa na mimi, Despina."

Despina alimtazama, macho yamemjaa machozi, na kwa pumzi moja ilionekana kama atazunguka meza amfuate.

"Kwa nini leo?" aliuliza.

Hapo angesema nakupenda, hadithi ingekwisha kwa vigelegele. Lakini ulimi wake, kama mzee alivyosema, haukuwa wa kuchukuliwa na klabu yoyote.

"Kwa sababu mambo yote yako tayari," alisema kwa haraka. "Kazi yako ipo, nyumba ipo karibu na bahari. Nilikukana kwa woga tu, nilidhani hawakutaki. Kumbe wanakutaka! Bwana Ashdown mwenyewe amesema mbele ya timu nzima alikupenda tangu ziwani."

Despina alifuta macho kwa kiwiko. Shangazi Thekla aliacha kufuma.

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi mwambie aje kuniposa mwenyewe," alisema Despina. "Mimi siolewi na tarishi."